Kengele ya Dakika Tano

Plovdiv, 23 Aprili

Kwa Dada yangu Yordanka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Nedyalka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepungua kukusumbua sasa theluji imeanza kuondoka huko milimani. Msalimie shemeji Petko, mwambie dawa ya wadudu wa mizinga aliyoniagiza nimeipata na nitamletea. Mimi mwili hauna neno. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, kwamba hata ukiwa na hasira za kuvunja sahani, salimu kwanza. Basi nimeshasalimu, na hasira ninazo, tena tele.

Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia. Jumapili umenikatia mara mbili, na mara ya tatu akapokea Petko, akawa anakohoa tu kama mtu aliyetumwa kusema uongo akashindwa. Kwenye karatasi huwezi kunikata kalima. Ukiitupa jikoni motoni, shauri yako, lakini nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu mambo ya binti yako Zlatina yako mwishoni, na ni lazima uyajue kabla ya tarehe kumi na mbili Mei.

Ulisema nimemvunjia heshima Profesa Bozhkov mbele ya watu wake. Ulisema kakupigia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. Ukaniuliza nani kanipa ruhusa ya kumfundisha profesa kazi, mimi niliyesomea kubonyeza vitufe vya mashine ya eksirei. Ukasema bila yeye Zlatina angekuwa kaburini kando ya bibi. Halafu ukamalizia na lile la kwamba sijazaa, kwa hiyo sijui uchungu wa mtoto. Hilo la mwisho nimelimeza, Dada, lakini mpaka leo halijashuka.

Mimi sijui uchungu wa Zlatina? Nani alikaa naye nyuma ya gari la wagonjwa mpaka Sofia, midomo yake ikiwa rangi ya zambarau, wewe ukiwa bado umelazwa baada ya kujifungua? Nani alijua kabla yako kwamba moyo wake una tundu katikati na njia ya kwenda mapafuni imebana? Na aliyemfungua kifua akiwa na miezi saba akamshona, akampa uhai, wala si Bozhkov! Ni yule mama mfupi wa Sofia, mpasuaji mwenye miwani ya kamba, ambaye jina lake nyumbani kwenu hakuna anayelikumbuka. Bozhkov alikuja miaka kumi na minne baadaye, makovu ya ule upasuaji yalipoanza kuuchanganya mwendo wa moyo, mtoto akaanguka darasani mapigo yakiwa mia mbili na ushee kwa dakika. Alimpitishia waya kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, akachoma pale palipokuwa na hitilafu, na moyo ukatulia miaka mitatu. Simnyimi haki yake. Mikono yake ni mizuri. Lakini tangu siku hiyo, kila sikukuu ya Mtakatifu Georgi mnachinja kondoo wa shukrani, na anayekaa kichwani mwa meza ni nani? Ni Bozhkov! Anapewa ulimi, anapewa figo, anamiminiwa rakia, ile pombe kali ya plamu zenu za bustanini, kijiji kizima kinakuja kumbusu mkono. Na yeye anakubali yote, hata ya yule mama wa Sofia.

Ndiyo maana huwezi kumwambia hapana, naelewa. Mtu uliyemlisha kondoo wa shukrani miaka mitano mfululizo utamwambiaje kwamba safari hii mtoto atashikwa na mwingine? Kijiji kitasema nini! Lakini mimi nakuuliza wewe, Dada, unamponya mtoto au unatunza urafiki?

Sasa nikueleze kazi yetu ilivyo, maana miaka yote hii umeniuliza mara moja tu, na nilichokujibu nitakirudia baadaye kwa aibu. Daktari anapopitisha waya moyoni haoni kwa macho. Anaona kwa mionzi ya eksirei. Chini ya meza kuna pedali. Ukiikanyaga mionzi inatoka, ukiinua mguu inakoma. Basi. Anayejali anakanyaga, anatazama, anainua, anafikiri, anakanyaga tena. Anayejali anabana dirisha la mionzi libaki dogo kama kiganja, anaagiza mashine ipige picha chache kwa sekunde, anasogeza kipokezi cha picha karibu na kifua. Bozhkov anakanyaga kama dereva wa lori anayepanda mlima. Anasimulia habari za nguruwe pori aliowapiga risasi msimu wa mawindo, ametuangalia sisi, haangalii hata kioo, na mguu uko pale pale! Ukimwomba abane dirisha anasema anataka kuona moyo, si tundu la ufunguo.

Kwa mzee wa miaka sabini hilo ni kosa. Kwa mtoto aliyezaliwa na moyo mbovu ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu yeye hapigwi mionzi mara moja. Alianza akiwa na siku mbili. Hesabu eksirei za kifua, hesabu vipimo vya waya kabla na baada ya upasuaji, hesabu ile mashine ya CT inayomzunguka mgonjwa akiwa amelala. Mionzi haitoki mwilini kama mafua, madhara yake yanajumlishana. Na yeye ana miaka kumi na tisa, ana matiti na koo la kuishi nalo miaka sitini mingine. Sisemi lazima ataugua saratani. Nasema kila dakika isiyo na sababu tunamwongezea hatari ambayo hakuiomba.

Na kinachonichemsha damu ni kwamba dawa ya jambo hili iko chumbani kwetu, imefunikwa shuka! Mwaka mzima tuna mashine inayochora ramani ya moyo kwenye kioo kwa rangi, kutokana na umeme wa moyo wenyewe, na waya unauona ukitembea ndani ya ramani bila mionzi yoyote. Daktari Milkana Gencheva, yule kijana mwembamba niliyekutambulisha kwake kantini, anaijua kama mlango wa nyumba yake. Amepewa Jumatano tu, siku ambayo Profesa anafundisha chuoni. Ameshatibu wagonjwa kumi na mmoja, wanne wakiwa na mioyo yenye kasoro ya kuzaliwa nayo kama wa Zlatina, mmoja mgumu kuliko wake. Aliyepata mionzi mingi kati yao alipata dakika mbili. Nilikuwepo, nilisoma mwenyewe. Siku nyingine Bozhkov anaweka kikombe chake cha kahawa juu ya mashine hiyo na kusema yeye si mchoraji wa kuta.

Moyo wa Zlatina ulipoanza tena vituko mwezi Februari, na Bozhkov akamwandika tarehe kumi na mbili, nilimwendea ofisini kwanza kwa adabu zote. Nilimwomba amwachie Gencheva amfanyie kwa ramani, na yeye asimamie, sifa achukue yeye. Akaniambia nikapumzike. Alhamisi nikasema tena kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote. Akacheka, akasema, "Mama Nedyalka, hapa si saluni, mteja hachagui mkono wa kumkata nywele." Wakacheka. Akaongeza kwamba wanawake wa umri wangu hupandwa na joto kichwani, tuwavumilie. Wakacheka zaidi, na Gencheva akainama akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba mguu wake ni mzito kuliko kichwa chake. Nilisema, ndiyo! Kama amekuambia nimemtukana, hajakudanganya. Wala siombi radhi.

Mpaka hapa unaniona shujaa, sivyo? Dada mdogo anayempigania mtoto wa dada yake. Ningeweza kumalizia hapa, nikakuomba umhamishie mtoto Jumatano, nikatia sahihi. Nimeiandika barua hii mara tatu na mara mbili niliishia hapa hapa. Nikazichana, kwa sababu hasira hizi zote ninazomwagia Bozhkov nusu yake ni zangu mimi mwenyewe.

Sikiliza. Kila mmoja wetu anapaswa kuvaa kifuani kibanio cha kupimia mionzi tunayopata. Kila mwezi kinapelekwa kusomwa, na ukizidi kiwango unaondolewa chumbani, unapelekwa kupiga eksirei za vidole vilivyovunjika, marupurupu yanakwenda na maji. Kwa hiyo sisi wote, Bozhkov, wauguzi na mimi, vibanio vyetu vinakaa kwenye droo ya kahawa. Miaka kumi na moja sasa! Wakaguzi walikuja mwaka juzi wakatupa cheti kwamba chumba chetu ndicho safi kuliko vyote walivyokagua. Kimetundikwa ukutani. Tulikata keki. Watu wazima wenye akili zao, tunaiba kipimo cha miili yetu wenyewe na kupigiana makofi.

Na mashine nayo ina kengele. Kila dakika tano za mionzi zikitimia inalia, kumkumbusha daktari kwamba muda unakwenda, inua mguu, fikiri. Kelele yake ni kali, Bozhkov haipendi. Basi kazi ya mtu wa eksirei, tangu siku yangu ya kwanza pale, ni kutazama saa ya mashine na kuibonyeza kengele sekunde chache kabla haijalia, saa ianze upya. Tunaita kumlaza mtoto. Profesa anauliza tu, "Mtoto kalala?" na mimi najibu, "Kalala, Profesa." Hakuna aliyemlaza vizuri kama mimi. Alinisifu mbele ya wageni kutoka Vienna kwamba nina vidole vyenye akili, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikavimba kichwa wiki nzima.

Ile mara ya pili ya Zlatina kupitishiwa waya na Bozhkov, miaka miwili iliyopita, alipokuwa na kumi na saba, mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine. Uliniomba mwenyewe niwepo, ukasema utakuwa na amani nikiwa ndani. Nilikuwa ndani, Yordanka. Makovu yalikuwa magumu, waya ulikuwa unateleza, Bozhkov alikuwa anatukana na mguu hauinuki. Mtoto wako alikuwa amelala kwa dawa ya usingizi, na mimi niliilaza ile kengele mara kumi na saba. Kumi na saba! Dakika themanini na tano. Ingelia hata mara tatu tu, huenda angesimama, huenda msaidizi angesema tuache leo, turudi siku nyingine kwa njia nyingine. Haikulia kwa sababu mimi nilikuwa hodari. Na tulipomaliza Bozhkov akasema niandike ishirini na tano kwenye fomu, tusimtishe mama yake. Nikaandika. Mwandiko ule ni wangu, ukiitafuta fomu kwenye faili lako utaona.

Nikatoka nje nikakukuta na mkufu wako wa Bikira mkononi, ukaniuliza kama mionzi ilikuwa mingi. Nikakujibu kama safari ya ndege kwenda Vienna na kurudi. Ukanikumbatia.

Halafu wiki tatu baadaye ukanipigia kwamba mtoto ana alama nyekundu mgongoni, chini ya bega la kushoto, ya pembe nne, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Nikakuambia ni mzio wa plasta, umpake krimu. Haikuwa plasta, Dada. Plasta hatukubandika pale. Lile ni dirisha la mionzi. Dirisha wazi, halikubanwa, halikusogezwa, lilikaa mahali pamoja mpaka likamuunguza ngozi. Niliijua ile alama kabla hujamaliza kuieleza, kwa sababu niliwahi kuiona kwa mzee mmoja wa Asenovgrad. Nikakudanganya, nikakata simu.

Sasa unaweza kusema lolote unalotaka juu yangu. La kutozaa hata sitalijibu. Nimepata kwenye kumbukumbu za mashine karatasi ya siku ile, yenye dakika halisi, na nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nakala nyingine nimewapelekea wakaguzi jana, pamoja na habari za droo na za kengele, na jina langu nimeliandika la kwanza. Nafikiri nitamwaga unga kabla ya Juni. Wenzangu nimewaambia mwenyewe, sasa hawanisemeshi, na mmoja amenirushia kibanio changu mezani akaniuliza kama sasa nimefurahi.

Lakini hayo ni yangu. Ya Zlatina ni haya. Jumatatu mchana alikuja kwangu baada ya vipindi vyake vya chuo, kama kawaida yake, akitaka banitsa, ule mkate wa matabaka wa jibini. Nikampa, na alipomaliza kula nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, kwa sababu ngozi ni yake na moyo ni wake, na ameshakuwa mtu mzima wa kutia sahihi mwenyewe. Hakulia. Alipeleka mkono nyuma ya bega akapagusa, akaniuliza, "Mama mdogo, ulikuwa unaniangalia usoni wakati unabonyeza?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa naangalia saa. Akasukuma sahani pembeni.

Kisha akasema atafanyiwa na Daktari Gencheva kwa ramani, Jumatano ya tarehe kumi na tatu. Kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Profesa, asisumbuliwe mama, na kama kijiji kitasema kiseme. Jana amemfuata chuoni anakofundisha, amemwambia, na kwa Gencheva ametia sahihi. Amesema Bozhkov alimuuliza kama familia yenu haina shukrani, naye akamjibu kwamba shukrani mlishampa miaka mitano na ni nyumbani mlipoitoa, si mgongoni kwake. Nilipoyasikia hayo nikajua ni damu yako kabisa. Kwa hiyo usigombane naye, na usimpigie Bozhkov kuomba msamaha kwa niaba yake. Nakuonya, ukifanya hivyo utampoteza.

Barua hii ameisoma yeye kabla yako. Ndiyo sababu bahasha imekufikia ikiwa wazi, na ndiyo sababu amekuletea kwa mkono badala ya posta. Nilimuuliza kama kuna neno nilitie au nilitoe. Akasema hapana, ila niongeze jambo moja ambalo ananiomba mimi, na anataka wewe ulijue. Siku hiyo nisiwe chumbani. Amesema ananipenda, lakini akilala usingizi hataki vidole vyangu viwe karibu na ile mashine. Amemwomba Gencheva atafute mtu mwingine.

Nimekubali. Miaka ishirini na sita ya kazi, na siku hiyo sitavaa sare.

Nisalimie Petko, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awalinde, akupe nguvu ya goti na ya hasira pia, kwa sababu unayo haki nayo. Tarehe kumi na tatu nitakuwa nje ya mlango tangu saa moja asubuhi, kwenye benchi wanakokaa wazazi. Sijawahi kukaa pale hata siku moja. Ukifika, kaa popote upendapo, hata mbali nami. Nikisikia kengele inalia huko ndani, nitakuambia maana yake.

Ni mimi mdogo wako,
Nedyalka